Aliyeokota Alipwe? Dar es Salaam na Mali Iliyopotea

Ukidondosha pochi kwenye daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, una njia mbili za kuhangaika. Ya kwanza ni polisi. Watakupa taarifa ya upotevu, ambayo siku hizi inaombwa hata mtandaoni, uende nayo benki, kwenye kampuni ya simu na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ukatengenezewe kadi nyingine. Ya pili ni watu: konda, wakala wa fedha aliyebandika vitambulisho vya kuokotwa kwenye dirisha la kibanda chake, tangazo msikitini baada ya swala, karatasi kwenye nguzo ya umeme, makundi ya WhatsApp. Tatizo la jiji letu ni kwamba njia hizi mbili hazikutani. Polisi ana orodha ya vilivyopotea, mtaa una vilivyookotwa, na hakuna anayezilinganisha. Ile taarifa ya upotevu inakusaidia kupata kingine, haikusaidii kukipata chako.

Kwa hiyo kurudishiwa mali kunategemea simu moja kutoka kwa mtu usiyemjua: "Nimeokota vitambulisho vyako, unanitoaje?" Yaani, utanilipa nini. Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Wapo wanaosema huo ni utekaji wa mali ya watu. Kitambulisho si chake, hakimfai kwa lolote, na anajua kabisa kwamba wewe bila hicho hufungui akaunti wala husajili laini. Kukiwekea bei ni kumbana mtu kwenye shida yake. Wengine wanamtetea mwokotaji: ametumia vocha yake, ameacha kazi yake, pengine amepanda magari mawili kutoka Gongo la Mboto hadi Posta kumfuata mtu ambaye hata asante anaitoa kwa kununa. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka, na naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Sheria haijawasaidia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, inamwachia aliyeokota kitu ikiwa wakati anakichukua hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Ukiokota noti chakavu njiani, kifungu hicho kinaweza kukukinga. Ukiokota pochi yenye jina, picha na namba ya simu, ni vigumu kukikimbilia. Lakini kifungu kinaishia kwenye kumtenga mwizi na asiye mwizi. Haki ya aliyerudisha haimo.

Tokyo walichukua njia tofauti. Kwa sheria ya Japani, anayeokota kitu na kukipeleka polisi ndani ya siku saba ana haki ya kudai kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani yake pale mwenyewe anapopatikana. Akiokota ndani ya treni au duka, anakabidhi kwa wahudumu ndani ya saa 24, na ujira huo unagawanywa nusu kwa nusu kati yake na wenye eneo. Ikipita miezi mitatu bila mwenyewe kujitokeza, mali inakuwa ya mwokotaji. Zamani muda ulikuwa miezi sita: mwaka 1980 dereva wa lori aliokota yeni milioni 100 eneo la Ginza, miezi ikapita, hakuna aliyekuja, na fedha zikawa zake kihalali. Vituo vidogo vya polisi viko kila mtaa, na visivyodaiwa haraka vinakusanywa kwenye ghala kuu la Iidabashi. Mwaka 2018 polisi wa jiji hilo walipokea vitu zaidi ya milioni 4. Simu 130,000 zilirudi kwa wenyewe, sawa na asilimia 83 ya zilizokabidhiwa polisi.

Watu wetu wakisikia habari hizi husema, "Wajapani ni waaminifu, sisi hatuwezi." Mwanasheria Mmarekani Mark West, aliyelichunguza jambo hili na kuandika juu yake mwaka 2003, hakuridhika na jibu hilo. Alionyesha kwamba uaminifu ule umejengewa mazingira: kuna mahali karibu pa kukabidhi, kuna ujira unaojulikana, na kuna adhabu kwa anayeficha. Nakubaliana naye. Mtu mwema wa Temeke akiokota simu leo, hana pa kuipeleka ambapo hatageuzwa mtuhumiwa. Ataulizwa aliipataje, alikuwa wapi, kwa nini hakuja jana. Anajifunza haraka kwamba kunyamaza ni salama kuliko wema.

Hata hivyo, wanaopinga ujira wana hoja ambayo Tokyo haiwezi kuijibu kwa niaba yetu. Katika mji ambao wakazi wengi ni Waislamu, fikra ya mali ya kuokota ni kongwe kuliko polisi wenyewe. Mafundisho ni kwamba ukiokota uzitambue alama zake, mfuko na kamba iliyofungia, kisha utangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija na kuzitaja alama hizo, mpe. Ni amana. Sura ya Yusuf inasimulia kikombe cha mfalme kilichopotea, na atakayekileta akaahidiwa shehena ya ngamia. Hapo ahadi ilitangulia, na kwa wanazuoni wengi ujira ulioahidiwa ni halali. Anayerudisha bila kuahidiwa hana haki ya kudai. Nailinganisha hoja hii na ile simu ya "unanitoaje", naona ndiyo inayotaja kosa lilipo: bei inapangwa na yule aliyeshika kitu, wakati mwenyewe hana pa kukimbilia.

Na kuna hofu ya mtaani, nayo si ndogo. Ukitangaza asilimia, kibaka wa Kariakoo atachomoa simu asubuhi na "kuiokota" jioni. Japani mwokotaji anayedai haki yake anaacha jina na anwani polisi, na hilo linapunguza mchezo huo. Sisi tukiweka ujira bila daftari la namna hiyo, tutakuwa tumewafungulia wezi dirisha la malipo.

Ndiyo maana nasema nyaraka zisiwe na bei hata shilingi moja. Kitambulisho, leseni, cheti cha kuzaliwa, kadi ya benki: gharama ya kuvirudisha ibebwe na taasisi iliyovitoa. Uwezo upo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, uliziunganisha namba za NIDA na namba za simu. Ofisi ya serikali ya mtaa ikipokea kitambulisho na kuingiza namba yake, mwenyewe anaweza kutumiwa ujumbe siku hiyohiyo, na mwokotaji asijue hata anakoishi. Japani nao, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007, waliondoa simu, kadi na nyaraka zenye taarifa binafsi kwenye orodha ya vitu anavyoweza kumilikishwa mwokotaji.

Fedha taslimu na vitu vya thamani ni jambo jingine. Hapo naunga mkono ujira wa kisheria wenye ukomo, unaolipwa mbele ya ofisa, kwa sababu asilimia inayojulikana inamlinda mwenye mali dhidi ya kukamuliwa na inamlinda mwokotaji dhidi ya kununiwa. Mahali pa kuanzia ni vyombo vya usafiri vyenye msimamizi mmoja: mabasi ya mwendokasi, treni ya SGR (reli ya kisasa), kivuko cha Kigamboni. Daladala ni ngumu zaidi kwa kuwa wamiliki wake hawahesabiki, lakini kila moja ina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na njia yake. Konda akijua kwamba kukabidhi kituo cha mwisho ndani ya saa 24 kunampa sehemu ya ujira, pochi nyingi zaidi zitafika huko.

Zinabaki fedha zisizodaiwa na mtu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, ina mamlaka inayopokea fedha zilizosahauliwa benki na kwenye simu, na mwenyewe anaweza kuzidai baadaye. Kwa akaunti mfumo huo unafaa, maana jina lipo. Kwa noti zilizookotwa sakafuni Kariakoo, zisizo na jina, ningezitangaza miezi mitatu kwenye orodha ya wazi kisha nimkabidhi aliyezileta. Serikali ikizichukua, safari nyingine hataleta.