Moshi Haikuanzia Stesheni

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, alinikabidhi daftari lake la mazoezi bila kuniangalia usoni. Swali la nne liliuliza mji wa Moshi ulianzia wapi. Yeye kaandika, kwa mwandiko wake ule wa kulala, "Old Moshi, kwa Mangi Rindi." Mwalimu kampiga mkasi wa wino mwekundu, kalamu imekandamizwa mpaka ukurasa wa nyuma umevimba, na pembeni kaandika: "Stesheni ya reli, 1911."

"Mjomba, si wewe uliyeniambia?"

Ni mimi, na leo narudia mbele ya wote.

Reli ilipofika huku, Moshi ya juu mlimani Kilimanjaro, hiyo tunayoiita Old Moshi, ilikuwa inajulikana zamani. Mmisionari Charles New alifika kwa Mangi Rindi, yaani chifu wa huko, mwaka 1871, mvumbuzi Joseph Thomson akapita 1883, na kwenye maandishi yao Rindi anaitwa Mandara. Misafara ya pwani ilipanda kwake kufuata pembe. Mwaka 1892 mwanawe, Meli, aliwapiga Wajerumani na kamanda wao von Bülow akafa. Wakarudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda, wakakaa na boma lao huko huko juu. Na ni huko huko juu, tarehe 2 Machi 1900, walikomnyonga Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, jumla yao watu 19. Kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakisubiri. Haya yote yalitokea mahali ambapo mtoto wetu akipataja anakosa alama.

Kwa nini basi mji ukashuka? Anayeijua njia ya kutoka Kiborloni, chini mjini, kwenda Kidia, juu Old Moshi, hahitaji kuelezwa. Ile reli ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, Buiko 1909, na kilometa 352 kutoka baharini ikaukuta mlima. Treni haipandi kwenye ile migongo wala haivuki yale makorongo ya mito. Ikasimama tambarare, na mahali iliposimama Wajerumani wakapaita Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya. Hapo naomba tutulie kidogo. Hata wao, pamoja na yote waliyotufanyia, walikubali kwamba ipo Moshi nyingine iliyotangulia. Sisi ndio tuliokuja kuliangusha lile neno "Mpya" njiani. Kwa hiyo mji mdogo mtu umekuwa Moshi tu, na ule mkubwa wake umebaki na "Old" shingoni zaidi ya miaka mia. Watu hawakuhamishwa. Waliamka siku moja wakakuta ofisi zimeshuka, maduka yameshuka, na jina lao limeshuka pia.

Bibi yangu hakulikubali hilo mpaka anaingia kaburini. Alizaliwa huko juu, akaolewa huko juu, na siku za soko alikuwa anajitwisha mkungu wa ndizi alfajiri na kusema, "Nashuka stesheni." Hata siku moja sikumsikia akisema anakwenda Moshi. Nikiwa mdogo nilidhani anakosea. Sasa namwelewa: mtu haendi mahali alipo.

Najua nitaambiwa bila reli tusingekuwa na mji. Sawa, nakubali. Kahawa ilihitaji mabehewa, na KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, cha mwaka 1933, isingesimama vile bila stesheni. Nilifurahi kama wengine treni ya abiria kutoka Dar iliporudi mwaka 2019. Lakini kumshukuru aliyekukuza hakukufanyi umkane aliyekuzaa.

Na ukipanda leo, utaona mambo yalivyo. Kwenye hiace waliojaa ni wazee na kina mama wanaorudi sokoni na ndoo tupu. Migomba ipo, kahawa imezeeka, mfongo, ule mfereji ulionywesha shamba la babu, umejaa majani, na vijana wako chini wanaendesha bodaboda. Mahali aliponyongwa Meli pana sanamu yake, na wenyeji wanaitunza kumbukumbu hiyo kadiri wanavyoweza. Ila simama stesheni pale mjini, zunguka mpaka uchoke, uniambie kama utaona kibao cha kumwambia mgeni kwamba jina la mji huu limetoka juu. Kibao kimoja tu. Mbao mbili na rangi.

Mwalimu, nakuandikia kwa heshima, kwa sababu najua una watoto wengi na kitabu ulichopewa ndicho unachofuata. Jumamosi saa mbili asubuhi tutakuwa Kiborloni, mimi na mwanafunzi wako, tukisubiri hiace ya kupanda. Nauli yako nitalipa mimi. Twende mpaka kwenye ile sanamu, uwasikilize wazee, uyaone makorongo ambayo reli ilishindwa kuyavuka. Daftari tutakuwa nalo, na kalamu pia. Tukiwa pale pale, naomba ulifungue swali la nne umrudishie mtoto alama yake.