Mtoto wa Mwalimu

Jioni moja muuza genge wa pale kona alikuwa ananifungia ndizi mbivu kama kawaida, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kameshaota meno?"

"Meno?" nikamjibu. "Juzi kaning'ata kidole."

Akatikisa kichwa, akaniongezea ndizi mbili za bure. Nikaondoka namsifu moyoni: watu wa Pwani bwana, hata wanyama wanawajali. Kumbe mwenzangu anazungumzia mtoto, mimi nazungumzia komba.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu uwanja wa nyumba unafagiliwa hadi udongo ung'ae, na kiumbe kinachoingia bila mwenyewe huishia kwenye sufuria. Nilipohamishiwa Pangani mwaka 2017 kufundisha hisabati, nikapanga nyumba iliyozungukwa na miti: mwembe, mipapai, mpera, na minazi miwili ambayo mwenye nyumba alimpa mzee mmoja aigeme. Asubuhi ndege aina ya chozi wanagombania maua. Shorewanda wanatoboa mapapai kabla mimi sijajua kama yameiva. Nguchiro wanakatiza uani kwa msafara kama wanawahi shughuli. Nikanunua kiti cha plastiki, kila jioni nakaa natazama, najiona tajiri. Kunguru tu ndio tulishindwana. Wale wenye shingo ya kijivu, asili yao Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka. Kwangu walibeba sabuni tatu za kuogea. Labda zama hizo sabuni ilihesabiwa taka.

Usiku wa tatu nikasikia mtoto mchanga analia juu ya mpapai.

Nilitoka na tochi. Juu kule nikaona makaa mawili mekundu yananitazama. Sikuuliza swali. Nilirudi ndani, nikafunga komeo, nikasali Kisukuma chote ninachokijua na nikalala taa ikiwaka.

Asubuhi yule mgema alicheka nusura aachie mnazi. "Huyo komba, mwalimu! Mlevi mwenzetu." Akanieleza akiwa huko huko juu. Yeye hukata karara, hutundika kibuyu, tembo la mnazi linadondoka tone kwa tone. Hupanda asubuhi, hupanda jioni. Usiku ni zamu ya komba. "Napanda alfajiri nakuta kibuyu kikavu. Ukisikia mtu kalewa kama komba, usidhani ni matusi. Ni ushahidi."

Nami nikawaza: kukomba si ndiyo kutoa kila kitu mpaka chombo kibaki kitupu? Aliyempa jina alikuwa anamjua.

Nikaanza kumwekea ndizi dirishani. Alikuja siku ya kwanza kwa wasiwasi, ya pili kwa haraka, ya tatu akafika kabla ya ndizi. Mwili kama wa paka mdogo, mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe, macho kama vifuniko vya soda. Kila siku saa moja na robo usiku, hachelewi. Ningepata wanafunzi watano wa namna hiyo kidato cha nne, mkoa ungetusikia. Tabia yake mbaya ilikuwa moja tu. Anajikojolea viganjani, anajipaka hadi nyayo, kisha ndiyo anaanza matembezi juu ya mapazia yako. Inasemekana ni namna yao ya kuacha alama. Alama nilizifua kila Jumamosi.

Sasa wakati huo nilikuwa nimeposa kwa Wanyaturu, Singida. Katika maswali ya siku ile, mawili yaliulizwa kwa msisitizo: una mtoto popote? Unakunywa pombe? Nikajibu hapana, hapana, na Mungu shahidi ilikuwa kweli. Mwezi wa pili yake nikapigiwa simu: mjomba na shangazi wa binti wako ndani ya basi, wanakuja kuona ninapoishi.

Walipofika Pangani wakaulizia njia pale genge. Yule bwana akawaelekeza vizuri, tena akawapa kichane cha ndizi: "Mpelekeeni mtoto."

Haya niliyajua baadaye. Nilichoona mimi ni wazee wawili wanaingia na ndizi, salamu fupi, nyuso zimekunjwa. Mjomba, mzee wa kanisa, alivua kofia yake ya pama akaishika mkononi kama mtu aliyekuja msibani. Shangazi aliomba kuonyeshwa choo, akakagua nyumba nzima akielekea huko. Aligusa hata kamba ya nguo.

Na mimi nilikuwa na siri yangu nyingine. Mchana ule mgema alikuwa ameacha kwangu dumu la lita tano la tembo, kuna mteja angelifuata asubuhi. Nilipoona wageni nikalisukuma chini ya kitanda, kifuniko nusu. Tembo halifungwi likakazwa. Linaumuka, dumu litapasuka. Nikafunga mlango wa chumba. Kwa heshima ya wageni, nikasema leo siweki ndizi dirishani.

Dirisha lenyewe sikulikumbuka.

Tulikuwa tumemaliza kula, kama saa tatu usiku, mjomba anauliza habari za mishahara ya walimu, mara chumbani kwangu mtoto akapasuka kulia.

Kimya.

"Huyo nani?" akauliza shangazi.

"Komba, shangazi."

Akamgeukia mjomba. "Si nilikwambia? Komba! Jina la Songea hilo. Mama yake mtu wa huko."

Nikaona hapa niwahi kurekebisha. "Hapana, shangazi, huyo mama yake hata simjui."

"Humjui?" Mjomba akaweka kikombe chini. "Huyo mtoto alifikaje?"

"Alikuja mwenyewe dirishani. Anakula ndizi, anaondoka. Leo nimemnyima ndiyo maana analia."

Shangazi akafunika uso kwa kanga. Mjomba akavaa pama lake, akachukua tochi, akaenda chumbani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuokoa roho.

Hakuokoa kitu. Komba alikuwa juu ya chandarua, amelewa chakari, anapepesuka kwenye kamba. Tochi ilipompiga machoni akaruka kuelekea kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kikawa kichwa cha mjomba. Mjomba akashika chandarua, chandarua kikang'oka na misumari yake, wakaenda chini wote. Nilipoingia mjomba alikuwa amejiviringisha ndani ya wavu kama changu, dumu limelala ubavu, tochi imezima, na shangazi uani anapiga yowe la Kinyaturu ambalo Pangani walielewa vizuri sana. Mtaa ukajaa. Wa mbele kabisa alikuwa mgema.

"Jamani tembo langu! Tembo langu limo chumbani kwa mwalimu!"

Mjomba kutoka ndani ya wavu: "Na tembo tena?!" Akaanza kutambaa kuelekea mlangoni kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake.

Tukamtoa, tukamweleza kwamba tembo la huku halina mkonga. Basi hapo ndipo akanusa. Akanusa sakafu, akanusa dumu, akaninusa mimi. "Kwa hiyo mtoto huna," akasema taratibu, "ila pombe unalalia."

Nikasema imenywewa na mnyama. Mnyama yuko wapi? Hayupo. Mgema akanitetea kwa nguvu zote, lakini mgema naye alikuwa ameonja kidogo jioni ile, na ushahidi wake ulikuwa unayumba. Wazee wakalala sebuleni na viatu miguuni, wakisubiri basi la kwanza.

Alfajiri mjomba akatafuta pama lake. Tukapekua chumba kizima. Shangazi ndiye aliyepanda stuli akachungulia juu ya kabati, akanyamaza muda mrefu.

Pama lilikuwa kule, limepinduliwa, na ndani yake komba amejikunja, mkia umemfunika macho kama mtu anayekwepa jua. Shangazi akamgusa kwa ncha ya kidole. Komba akanyoosha kiganja chake kidogo, vidole vitano kamili, akakishika kile kidole, akaendelea kulala.

"Maskini," akanong'ona. "Kichwa kinamuuma." Akaniangalia kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Zile ndizi ziko wapi?"

Kwenye orodha ya mahari kikaongezeka kitu kimoja, pama jipya. La zamani mjomba alilipeleka puani mara moja tu, akasema tumwachie mwenyewe. Siku hizi shangazi akipiga simu huanza na "Komba hajambo?" ndipo aniulize mimi, kisha mpwa wake.

Aliyenishinda ni muuza genge. Nimemweleza, mgema amemweleza, ananitazama tu kwa huruma. Wiki iliyopita kaniuliza kama kameanza shule. Nikamwambia mwakani.