Bunge la Afrika tunalidai kazi ambayo halijapewa

Kila likitajwa Bunge la Afrika, lile la Umoja wa Afrika, lazima atokee mtu na ile video ya 2021, waheshimiwa wanakunjana mashati pale Midrand, Afrika Kusini, kisa urais wa bunge uzunguke kwa kanda au usizunguke, halafu anamalizia "lifutwe tu, wanakula posho". Na kusema kweli ana hoja, bunge lipo tangu Machi 2004, rais wake wa kwanza alikuwa Mama Gertrude Mongella wa hapa hapa kwetu Tanzania, lakini simama kituo cha daladala uulize watu wakutajie hata mmoja kati ya wabunge wetu watano kule, utaangaliwa tu.

Ila mi naona lawama zinampiga asiyehusika. Hao watano hawapigiwi kura na mimi wala wewe, wanachaguliwa na wabunge wenzao Dodoma. Mtu kwenye kampeni kaombwa maji, barabara na zahanati, Midrand hakuna aliyeitaja, akirudi kwenye vikao hakuna wa kumbana, na miaka mitano ikiisha atapimwa kwa kisima. Atuunganishe na bara saa ngapi jamani?

Na hata akitaka, mkononi ana nini? Ushauri tu, hakuna sheria. Wakati itifaki ya 2001 iliyoliunda imeandika kabisa kwamba lengo la mwisho ni bunge lenye kutunga sheria, na wabunge wachaguliwe na wananchi. 2014 kule Malabo, Guinea ya Ikweta, marais wakapitisha itifaki mpya ya kulipatia bunge hilo meno kidogo, zinatakiwa nchi 28 ziridhie, nusu na kidogo ya nchi zote 55, mwaka wa kumi umepita hazijatimia. 28! Na ni hao hao wenye hotuba za umoja kila Mei 25, Siku ya Afrika.

Wanaosema wajirekebishe kwanza siwabezi, hela ni za walipa kodi. Lakini cheki Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha, lina wabunge tisa kila nchi, hawaruhusiwi kuwa wabunge wa nyumbani, na wanapitisha miswada inayokuwa sheria. Mtaani nalo halijulikani kivile, nakubali, maana nao wanachaguliwa na wabunge, si na sisi. Ndio maana kwangu mimi kura ya moja kwa moja ingeanza, meno yafuate.