Jina la fahali kwenye kadi

Kitanda hakizai haramu, walisema wahenga, na kwa binadamu msemo huo umesitiri watoto wengi. Zizini haumsitiri mtu. Anayenunua mtamba Kisauni au Likoni kwa sababu ya jina la fahali lililo kwenye kadi ya kumbukumbu zake, jina ndilo alilolipia. Likiwa silo, pesa zake zimekwenda.

Wanaoona kipimo cha DNA cha kuthibitisha baba wa ndama ni anasa wana hoja. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 hivi, na asiposhika hurudi joto, yaani hutaka dume tena, baada ya siku 21. Akihimilishwa leo, yaani akitiwa mbegu ya fahali kwa mrija, kisha fahali wa jirani akampanda wiki tatu baadaye, tarehe ya kuzaa itatoa jibu bila maabara. Tena kipimo hakisemi mtamba atatoa lita ngapi, na ndama wa kuchinjwa hana haja nacho.

Ila kalenda hunyamaza pale pagumu: asubuhi mrija, jioni fahali aliyekata kamba, joto ni lile lile. Au mhimilishaji amechomoa mrija mwingine kwenye tangi la mbegu, akaandika ule aliokusudia. Uingereza, utafiti wa 2002 ulikuta takriban ng'ombe 10 wa maziwa kati ya 100 baba yao siye aliyeandikwa. Israeli, 2004, karibu 12. Hizo ni nchi zenye daftari zilizopangwa! Na kosa la kadi haliishii kwenye bei. Mfugaji humwepusha mtamba na fahali asiyemhusu, kumbe anampeleka kwa baba yake mzazi. Ndama wa baba na binti hutarajiwa kuwa na nakala mbili za asili moja katika robo ya vinasaba vyake, na hapo ndipo udhaifu uliojificha hujitokeza. Kwa mbuzi hatari iko karibu zaidi, maana beberu mmoja huazimwa mtaa mzima, na binti zake hupata joto kabla hawajatimiza mwaka.

Kipimo chenyewe ni hesabu nyepesi. Kwa kila alama, yaani kipande cha DNA ambacho urefu wake huandikwa kwa nambari, ndama hupata nakala moja kwa mama, moja kwa baba. Mama ana 118 na 124, ndama ana 124 na 130: basi 130 ni ya baba, na fahali mwenye 120 na 126 anatiliwa shaka. Hakataliwi kwa alama moja, kwani vinasaba hubadilika mara chache. Zikigongana kadhaa, siye. Mafahali wawili ndugu huhitaji alama nyingi zaidi kutenganishwa.

Kinachoharibu majibu mara nyingi ni sampuli. Nywele 20 hadi 30 za mkia zing'olewe, zisikatwe, kwa kuwa DNA inayotakiwa imo kwenye mzizi. Zitiwe bahasha ya karatasi. Ndani ya plastiki, kwa unyevu wetu wa pwani, hushika ukungu. Ndama pacha asitolewe damu: tumboni mapacha wa ng'ombe huungana mishipa, na damu ya mmoja hubeba chembe za mwenzake.

Gharama aibebe muuzaji anayepandisha bei kwa jina la fahali. Na mrija uliotumika, wenye jina na nambari ya fahali, ufungwe pamoja na kadi hadi ndama azaliwe.