Barabara ya Kasumbalesa haijazi betri ya kulalia

Dereva anayengoja zamu mpakani Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, anahitaji betri ya pili, yaani ya kulalia, kwa ajili ya friji ndogo, taa, feni na simu injini ikiwa imezimwa. Hilo halina ubishi tena. Ninalolipinga ni neno linalouzwa pamoja na betri hizo hapa Lubumbashi: "Washa injini tu, itajaa." Haijai, na betri nyingi za kulalia zinakufa mapema kwa sababu hazijawahi kujaa sawasawa.

Betri ya risasi na asidi hupokea moto, yaani umeme, vizuri mpaka kama asilimia 80. Kuanzia hapo hupokea kidogo kidogo, na sehemu iliyobaki hudai saa nne, tano au zaidi, hata altaneta (dinamo ya injini inayojaza betri) iwe kubwa namna gani. Kutoka Lubumbashi hadi mpakani ni karibu kilomita 90. Unafika, unazima injini, friji inaanza kula. Kila siku betri inabaki na pengo lile lile, na salfeti, ile chumvi inayolala kwenye plati (vibao vya risasi ndani ya betri), inakuwa ngumu mpaka chaja ya kawaida haiwezi kuirudisha. Betri iliyoandikwa ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kutunza) inabaki kufanya kazi ya 50, ingawa kwa nje inaonekana mpya.

Waya nao huiba. Mafundi wengi huvuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka injini hadi nyuma ya siti. Mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, ampea 20 zikipita, unapoteza volti 1 nzima: altaneta inatoa 14.2, betri inapata 13.2, na kwa 13.2 inajaa polepole mno. Weka waya wa milimita za mraba 16, na fyuzi karibu kabisa na kila betri, pande zote mbili, kwa maana waya huo una moto kutoka ncha zote. Katikati iwepo rilei, swichi inayojiendesha, inayotenganisha betri mbili injini ikizimwa, la sivyo asubuhi gari haliwaki.

Pesa yako ya kwanza, basi, iende kwenye paneli ya sola ya juu ya kabini kabla ya betri kubwa zaidi. Fanya hesabu. Friji ya lita 40 hula kama ampea 4 kompresa ikizunguka, nayo huzunguka theluthi ya muda: ampea-saa 30 na kitu kwa siku, na joto la Oktoba huongeza. Taa, simu na feni, sema 8. Jumla inakaribia 40. Paneli ya wati 150 kwenye jua la kiangazi cha Katanga hurudisha kiasi hicho, na zaidi ya hapo inafanya ile kazi ya polepole ya mwisho mchana kutwa, gari likiwa limesimama foleni. Kontrola, kile kifaa kati ya paneli na betri kinachodhibiti kujaza, iwekwe volti 14.4 za kujaza, kisha 13.6 za kutunza. Kama kabini ni tanuri, kontrola yenye kipima joto ipunguze kidogo: betri ikifika nyuzi 40, pungufu ya volti 0.3 hadi 0.4. Mwezi wa mvua, mawingu yakishika, punguza friji au tafuta chaja ya umeme.

Kuna jambo linaloniudhi hasa kwenye malori ya volti 24. Watu huchukua volti 12 za redio na friji kutoka betri moja kati ya zile mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Altaneta inazijaza zote mbili kwa mkondo mmoja, haijui kwamba moja ina njaa. Ile inayonyonywa haijai. Mwenzake anazidishiwa, anachemka na kukausha maji. Baada ya muda zote mbili zinatupwa, na betri inalaumiwa. Tumia kigeuza volti 24 kwenda 12, au chaja inayojaza betri ya pili peke yake.

Maji ya betri yaongezwe baada ya kujaza, maana kioevu hupanda wakati wa kujaa. Ukiona plati ziko wazi tu ndipo uzifunike kwanza. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled), ya bomba hapana, wala usiongeze asidi. Betri ya vifuniko, ile inayoongezwa maji, ikijazwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka: isikae ndani unapolala, wala sigara karibu yake. Betri ya kuwashia gari usiigeuze ya kulalia. Plati zake ni nyembamba.

Kupima, zima kila kitu, tenga chaja, ngoja saa chache, kisha weka mita. Volti 12.7 imejaa. Volti 12.2 imefika nusu, jaza leo. Chini ya 11.8 umeshaikata maisha. Na kila ukirudi nyumbani, iache kwenye chaja usiku kucha, umeme ukiwepo.