Raj, Simran na neno "sitaki"

Wakosoaji wa filamu za mapenzi na vichekesho wanasema zinamfunza mwanamume kwamba mwanamke ni haki yake, mradi asichoke kufuatilia. Watetezi hujibu kuwa hizo ndizo filamu zinazojali moyo wa mwanamke unataka nini. Dilwale Dulhania Le Jayenge, filamu ya Kihindi ya 1995 inayopendwa mno hapa Unguja na Pemba, inawapa wote hoja.

Wapenzi wa hadithi hiyo ni kijana Raj na msichana Simran. Wakiwa safarini Ulaya, kabla hawajapendana, Simran anaamka asubuhi hakumbuki kitu, maana jana yake alilewa. Raj anamwambia wamelala pamoja. Simran anaangua kilio, ndipo Raj anasema alikuwa akimtania, kwani yeye anaijua heshima ya mwanamke wa Kihindi. Tunatakiwa tumpende kwa hilo! Filamu nyingi za aina hii hupangwa hivyo hivyo: msichana anakataa, kamera inabaki na mwanamume, wimbo unaingia, na tukio la pili msichana keshaanza kutabasamu. Kijana anayetazama anazoea kuona "sitaki" ni hatua ya kuelekea "nataka".

Si kila mtazamaji hunaswa. Mtafiti Julia Lippman wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliwaonyesha wanawake filamu ambazo ndani yake kufuatwafuatwa kumepambwa kama mapenzi. Waliozama zaidi katika hadithi, au walioiona kama maisha ya kweli, ndio walioelekea zaidi kuona jambo hilo halina ubaya.

Halafu Raj anabadilika. Baba yake Simran amempangia bintiye mume mwingine; mama anawaletea vito, anawaambia watoroke. Raj anakataa, anataka ridhaa ya baba. Kwetu hiyo ni adabu, na mimi naiheshimu: mshenga anapokwenda na posa, msichana asiyetaka hajibu mbele ya umati unaopiga makofi, wala hamkabili mposaji ana kwa ana.

Ila ridhaa inayotafutwa pale ni ya nani? Simran anampenda Raj, lakini mpaka treni inaondoka jambo lake limo mikononi mwa wanaume wawili, Raj na baba, na hapandi kumfuata Raj mpaka baba amwachie mkono. Posa zetu nazo zina ugonjwa huo. Wazee hujibu barua, binti huarifiwa, na kimya chake huitwa ridhaa ilhali hakuna aliyemuuliza.