Bharatanatyam: Waliookoa na Waliopokonywa

Densi ya Bharatanatyam, ambayo leo ni fahari ya majukwaa ya Chennai, kusini mwa India, zamani iliitwa sadir, na wachezaji wake walikuwa madevadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mungu wa hekalu tangu utotoni na ambao hawakuolewa na mwanamume. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao waliishi kwa kutegemea wafadhili matajiri, na jamii ikawaita makahaba. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamii hiyohiyo, aliongoza harakati za kukomesha desturi hiyo hadi sheria ikapitishwa katika jimbo la Madras (Madras ndilo jina la zamani la Chennai) mwaka 1947.

Katika hilo simpingi hata kidogo, kwa sababu mtoto aliyetolewa hekaluni hakuulizwa ridhaa yake. Hata hivyo, sheria ile haikuishia hapo, bali ilipiga marufuku pia mwanamke kucheza ndani ya hekalu au katika maandamano ya mungu, na hivyo wenye ujuzi waliorithishana vizazi kwa vizazi wakakosa pa kuutumia, huku mabinti wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la juu la Kihindu, wakishangiliwa kumbini kwa densi ileile.

Aliyewafungulia njia mabinti hao ni Rukmini Devi Arundale, aliyecheza hadharani mwaka 1935 na kuanzisha shule ya Kalakshetra mwaka 1936, baada ya kufundishwa na Meenakshi Sundaram Pillai, mwalimu wa ukoo wa wasanii wa jadi. Aliipa densi mavazi mapya, shule na heshima, lakini akaipunguzia mahaba, akihofia kwamba yangeishusha hadhi. Hofu hiyo inaeleweka, kwani ni wazazi wachache wa wakati ule ambao wangemruhusu binti yao kuonyesha hamu ya mpenzi mbele za watu.

Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa madevadasi, alishikilia kwamba sringara, yaani hisia ya mapenzi, ndiyo kilele cha densi hii na wala si uchafu wa kuondolewa. Katika padam, yaani wimbo wa mapenzi unaochezewa densi hii, mwimbaji huurudia mstari mmoja mara nyingi, na kila unaporudi mchezaji huufasiri upya kwa macho, nyusi na vidole: mara analalamika, mara anasamehe, mara anatazama mlango ambao mungu wake hajaupita. Mimi naona Balasaraswati alikuwa na haki, maana Kshetrayya, mtunzi wa karne ya 17, alimwimbia mungu Krishna kama mpenzi, na ukiiondoa hamu hiyo, ibada yenyewe inakosa pa kusimama.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanafunzi wengi huhitimu wakijua majina ya ndugu wanne wa mji wa Thanjavur walioupanga mfuatano wa onyesho, kuanzia alarippu, densi ya kufungulia, hadi tillana, ya kufungia, bila kutajiwa hata mwanamke mmoja wa koo zilizoucheza. Mwalimu anayefundisha padam hahitaji sheria mpya ili kuwataja.